Hujabonyeza Reli!

Kuna sentensi moja nikiisikia tu najua Jumamosi yangu imekwisha: "Wewe si umesoma?" Haisemwi wakati wa kugawa nyama. Haisemwi kwenye kikao cha kupanga nani aegeshe gari kivulini. Husemwa bomba likipasuka, husemwa barua ya serikali ya mtaa ikija, na siku hizi husemwa kila mtu anaposimama mbele ya geti letu na geti likamlilia usoni: pi-pi-pi.

Geti letu sasa linaomba namba. Lilivyoanza ni hivi. Mama mwenye nyumba alikwenda kumsalimia mwanawe anayekaa kwenye ghorofa moja huko Masaki. Akaona watu wanafika mlangoni, wanagusagusa vitufe, mlango unaachia wenyewe. Akarudi Tabata hana raha. Wiki haijaisha akapita Kariakoo, akashuka kwenye bajaji na boksi dogo mkononi, akalinyanyua mbele ya mlinzi wetu na kusema kwa sauti ya wote kusikia: "Hii haiombi chai, haisinzii, haiendi msibani Singida."

Mzee wetu wa getini akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akaendelea kunywa chai.

Fundi naye akaja. Akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafunga sumaku juu ya kigeti kile kidogo cha watu, akajaribu, kikafunguka, akalipwa, akakusanya vifaa. Nikamuuliza, fundi, na namba za wapangaji tunaziingizaje? Akaniambia bila kugeuka: "Hiyo ni softiwea bosi, mimi ni wa waya." Akawasha pikipiki. Nikahisi mtu nyuma yangu. Alikuwa mama mwenye nyumba, ameshika karatasi ya maelekezo iliyokunjwa kunjo za kutosha kupotelea kwenye mfuko wa shati.

"Mwanangu," akasema, "wewe si umesoma?"

Nimesoma, ndiyo. Nimesoma historia. Katika yote niliyosoma, kuanzia Vita vya Majimaji mpaka Azimio la Arusha, hakuna mahali nilipokutana na maandishi madogo namna ile. Upande mmoja wa karatasi ni Kichina. Upande wa pili ni lugha iliyoondoka kwenye Kichina ikiwa na nia ya kufika kwenye Kiingereza, ikaharibikiwa njiani.

Kidude chenyewe ni cha ukubwa wa kiganja. Kina vitufe kumi na viwili: tarakimu kumi, nyota na reli. Juu kuna kitaa. Basi. Hakina kioo cha kukuonyesha ulichobonyeza, hakina neno hata moja. Kinazungumza kwa mlio na rangi ya taa tu. Mlio mmoja mrefu, umekubaliwa. Milio mitatu mifupi, umekataliwa. Umekosea wapi, hakisemi. Nimewahi kufanya kazi chini ya bosi wa aina hiyo, nikaacha kazi.

Utaratibu wa boksi letu unakwenda hivi: unabonyeza nyota, namba kuu, reli. Taa nyekundu inaanza kupepesa, maana yake uko jikoni. Ukitaka kuandikisha mtu unabonyeza 1, halafu nafasi yake kwenye orodha, reli, halafu namba yake ya siri, reli. Kumfuta ni 2. Muda wa geti kukaa wazi ni 4. Kubadili namba kuu yenyewe ni 0, namba mpya, reli, namba mpya tena, reli. Ukimaliza, nyota, unatoka. Kufungua geti lenyewe ni namba yako ya siri, kisha reli. Ukiisoma hapa ukiwa umekaa kwenye kochi unaona ni jambo la dakika mbili.

Shida ni kwamba boksi halina subira. Ukikaa kidogo bila kubonyeza, linafunga jiko na kukurudisha mwanzo. Aliyelitengeneza bila shaka ni mtu ambaye hajawahi kusimama getini Tabata saa mbili asubuhi. Huwezi kusimama pale ukaachwa. Anapita mama wa genge: "Umeamkaje baba?" Salama mama. "Watoto hawajambo?" Hawajambo. "Na mama watoto?" Mzima. "Na ile miguu?" Miguu imepoa. "Haya, unatengeneza nini hapo?" Mpaka nimemaliza kumjibu, na huwezi kumjibu mtu mzima kwa mgongo, boksi limekwisha kujitoa na mimi nimesahau nilifika kwenye reli ya ngapi. Kuna siku kazi ya kumwandikisha mtu mmoja ilikula asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya asubuhi hiyo ilikuwa salamu.

Sasa kuhusu hiyo namba kuu. Haya maboksi hutoka kiwandani na namba kuu inayojulikana na kila mwenye karatasi. Kuna yanayotoka na 123456, kuna ya 888888, kuna ya 999999. Mafundi wengi huyaacha hivyohivyo. Kwa hiyo mtaani mna mageti kadhaa ambayo mwenye nyumba hawezi kuyaendesha, mpangaji hawezi kuyaendesha, lakini kijana yeyote aliyewahi kufungua intaneti na kutafuta karatasi ile anaweza kujiandikisha mwenyewe kuwa mkazi. Nikamweleza mama jambo hili kwa utaratibu. Akashtuka, akasema tubadilishe sasa hivi, tuweke tarakimu sita za tarehe yake ya kuzaliwa. Akaninong'oneza sikioni.

Mwaka jana kiwanja kizima tulikula keki ya mama ya kutimiza miaka 60. Mimi nilichangia elfu ishirini na kusoma risala. Namba niliyonong'onezwa ilisema ile keki ilichelewa miaka sita.

Nikaiingiza bila kupepesa jicho. Mlio mrefu, imekubalika. Jioni mama akanifuata barazani, akakaa, akauliza hali za nyumbani, kisha akasema: "Mwanangu, ile namba ibadilishe." Nikauliza, kuna mtu ameijua mama? Akasema: "Wewe."

Baada ya hapo ikawa zamu ya wapangaji. Milango minane, na kila mlango una mawazo yake. Niliwaomba wachague tarakimu nne, wasichague za wazi, na wasinitajie mbele ya watu. Kaka wa bajaji akachagua namba ya bajaji yake, akaitangulizia sifuri ili zitimie nne. Bajaji hiyo hulala imeegeshwa hatua mbili kutoka kwenye vitufe, namba imeandikwa nyuma kwa tarakimu ambazo hata mwizi mwenye mtoto wa jicho angezisoma. Dada wa saluni akanitajia papo hapo, mbele ya muuza mkaa, namba ileile anayotolea pesa kwenye simu. Nikamwambia dada, hiyo usimpe mtu. Akanijibu: "Aa kaka, wewe ni mtu mzuri." Mama Pacha akataka 1234. Nikamwambia hiyo ndiyo namba ya kwanza ambayo mwizi atajaribu. Akasema mwizi hawezi kufikiri kwamba mtu mwenye akili zake ataweka 1234, kwa hiyo ni salama.

Hoja yake ina wafuasi. Mwaka 2012 mtaalamu wa takwimu aitwaye Nick Berry alipekua namba za siri za tarakimu nne zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja huku na kule. Karibu 11 katika kila 100 zilikuwa 1234. Tarakimu nne zinatoa namba elfu kumi tofauti, kuanzia 0000 mpaka 9999, na binadamu akiachiwa uwanja wote huo anakwenda kusimama palepale mlangoni.

Na hizo nne zenyewe tumezirithi kutoka jikoni kwa mtu. John Shepherd-Barron, Mwingereza aliyeongoza kazi ya kutengeneza mashine ya kutolea pesa iliyofunguliwa na benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, Juni 27, 1967, alisimulia mwenyewe kwamba alikusudia tarakimu sita. Alipomjaribu mkewe Caroline mezani jikoni, mama huyo akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. Ninamheshimu sana mama Caroline. Angekuwa mpangaji hapa kwetu ningempa mlango wa kivulini. Sentensi moja tu, na amepunguzia dunia tarakimu mbili. Mimi nimetoa sentensi chungu nzima pale getini na sijapunguza hata kitufe.

Kabla hujasema kwamba tatizo letu ni kuogopa namba, nikutajie Babu wa chumba cha uani. Babu anaingiza umeme wa LUKU mwenyewe, tarakimu 20 kwa mpigo, kwa tochi ya simu, bila miwani. Mwaka 2024 mita za aina ile, si zetu peke yetu bali za nchi nyingi duniani, zilitakiwa kuingiziwa namba za ziada kabla ya Novemba 24, kwa sababu mfumo wake ulikuwa ukihesabu dakika tangu Januari 1993 na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukingoni, dakika milioni 16 na ushei. Tulipewa makundi matatu ya tarakimu 20, jumla 60. Babu aliziingiza zote, akaenda kumsaidia jirani, akarudi kula. Mtu huyuhuyu anashindwa na tarakimu nne za geti. Nikamuuliza Babu, tatizo nini? Akanijibu: "Ile mita nikimaliza inanipa umeme. Hii nikimaliza inaniruhusu kuingia kwangu." Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Hapa ndipo kero yangu hasa ilipo. Boksi hili linadhani kuna watu wa ndani na watu wa nje, na kwamba mstari baina yao unaandikika kwenye orodha. Karatasi inasema tu "ingiza mtumiaji". Haya, mtumiaji ni nani? Dada wa kazi wa mlango wa pili, anayekuja alfajiri na kuondoka jioni, ni wa ndani? Ustaadhi anayesomesha watoto Alhamisi? Kijana wa maziwa? Shangazi wa Mama Pacha aliyekuja kwa wiki moja kabla ya mfungo na bado anachagua mchele barazani? Mzee wa getini alikuwa na majibu ya maswali hayo yote kichwani na hakuwahi kumuuliza mtu. Alijua ndugu wa kufunguliwa kabla hajagonga, ndugu wa kuachwa agonge kidogo, na ndugu wa kuambiwa wenyewe wamesafiri. Hilo la mwisho, nimelitafuta kwenye karatasi pande zote mbili. Halimo.

Kwa hiyo nimekuwa karani. Nina daftari, upande mmoja nafasi, upande mwingine jina. Dada wa saluni alikuja kuomba namba ya mchumba wake. Nikaingiza. Mwezi uliofuata akaja na macho mekundu, futa. Nikafuta. Wiki ileile akaja anatabasamu, rudisha. Sasa hivi mimi ndiye mtu wa kwanza kujua wameachana, kabla ya wazazi wao, na sikuomba cheo hicho.

Na hodi imekufa. Mgeni wa zamani alisimama nje akapiga hodi mara tatu, akiitikiwa anaingia, asipoitikiwa anaondoka na heshima yake. Mgeni wa sasa anasimama nje ananipigia simu. "Kaka, namba ya geti ngapi?" Ananipigia nikiwa kazini, ananipigia nikiwa kwenye daladala nimebanwa kwapani mwa mtu, na hapo anataka niitaje kwa sauti.

Tuje kwenye sekunde tano. Kiwandani boksi limepangwa kuachia mlango kwa sekunde tano, kisha sumaku inarudi kushika. Nina hakika sekunde hizo zilipimwa na kijana mrefu aliyevaa raba, asiyebeba kitu. Bibi wa uani, mkewe Babu, anatembea kwa mkongojo. Vitufe viko nguzo ya kushoto, kigeti kiko kulia. Bibi anabonyeza polepole, kwa kidole kimoja, kila kitufe anakisemesha. Geti linalia mlio mrefu. Bibi anashukuru. Anauchukua mkongojo alioegemeza ukutani. Anageuka. Ka! Limefunga. Watoto wanaocheza mpira wanaona, na kwa kuwa hawajui jambo la sekunde, wanampa ushauri uleule wanaompa kila mtu: "Bibi, hujabonyeza reli!" Bibi anarudi kwenye nguzo. Anabonyeza reli. Geti linalia mara tatu. Hapo Bibi husema maneno ambayo mtoto wa madrasa hapaswi kuyasikia.

Nikaenda kwenye 4, nikaweka sekunde thelathini. Bibi akaingia kwa raha zake, akasimama katikati kupumzika, akaingia tena. Nyuma ya Bibi akaingia muuza vyombo, nyuma yake kijana wa kuuza sumu ya panya na spika yake, na kuku wa jirani watatu. Kikao kikaitishwa. Ghorofani wanataka tano, uani wanataka thelathini. Nikaweka kumi na tano, sasa pande zote mbili hazinisalimii.

Sumaku nayo ina habari yake. Kwenye boksi lake wameandika kilo 280, maana yake huo ndio mvuto unaotakiwa kuibandua kutoka kwenye bati lake. Ni kweli, ila kwa sharti kwamba bati na sumaku vilaliane sawasawa, uso kwa uso. Geti letu lilichomelewa na fundi wa mtaani, na bawaba ya chini ilishachoka. Limelala upande. Sumaku inalishika bati kwa kona moja tu, na upande wa pili kuna mwanya unaopitisha kadi ya simu. Nimepima kwa kadi ya simu. Kilo 280 zikishika kwa kona hazibaki hata robo. Pacha wa kwanza akikimbia na kulipiga bega linafunguka. Pacha wa pili anafanya hivyohivyo, ila yeye hurudi na kulifunga, ndivyo tunavyowatofautisha.

Halafu kuna umeme. Sumaku ya aina hii hushika umeme ukiwapo na kuachia ukikatika, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili moto ukizuka watu wasikaangwe ndani. Hilo silipingi. Ila matokeo yake ni kwamba giza likiingia Tabata, taa za mtaa mzima zikazimika, wezi wakaamka, ndiyo saa hasa ambayo geti letu linatamka "karibuni" na kujifungua lenyewe. Dawa yake ni betri. Fundi akarudishwa, wa waya yule, akaleta betri ya volti 12. Sumaku inakula kama nusu ampea, betri ni ya ampea-saa 7, kwa hesabu za karatasini tungefika alfajiri. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa mbili kasoro, na betri ikatuaga kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo. Nilipofungua kiboksi chake kesho yake nikakuta mjusi ametaga mayai mawili meupe juu ya nyaya, na waya mmoja umelegea. Nikaukaza ule waya. Mayai nikayaacha, maana naye ni mpangaji na ndiye pekee asiyeniomba namba.

Na baada ya tabu yote hiyo, siri iko wapi? Kijana wa maziwa aliomba namba ya kubonyeza kwa kidole kimoja, kwa kuwa mikono yake ina madumu. Akachagua 2580, mstari ulionyooka wa katikati, kutoka juu mpaka chini. Watoto wakamwona. Kufika Jumapili ulikuwa wimbo wa kuruka kamba. Wapangaji waliosahau namba zao, ambao ni wote, wakahamia 2580. Leo ukisimama mbele ya boksi utaona vitufe saba vina vumbi jekundu la barabara yetu, na vinne vya katikati pamoja na reli vinang'aa kwa mafuta ya vitumbua. Mwizi akikuta tarakimu nne zimechakaa ana namba 24 tu za kujaribu. Kwetu hata hizo ni nyingi. Aanze juu, ashuke.

Anayeshindwa na hiyo 2580 ni mmoja tu, Baba wa ghorofani, naye ni mhasibu. Kutwa nzima yuko kwenye kikokotoo, ambako 7, 8, 9 ziko juu. Getini, kama kwenye simu, 1, 2, 3 ndizo ziko juu. Mpangilio huo wa simu ulichunguzwa na watu wa Bell Labs huko Marekani kabla simu za vitufe hazijaanza kuuzwa mwaka 1963, na Baba wa ghorofani anawalaumu kila jioni. Vidole vyake vinakwenda kwenye 2580 kwa mazoea ya ofisini, boksi linapokea 8520, pi-pi-pi. Watoto wanamwambia hajabonyeza reli.

Mzee wa getini yupo. Ilikuwa aondoke boksi likishika kazi, lakini mama akaingiwa na wasiwasi kwamba boksi lenyewe litaibiwa. Sasa Mzee analinda boksi. Mshahara uleule, chai ileile.

Ningevumilia yote hayo lau mama asingegundua namba 2. Jirani wa mlango wa sita alikuwa amechelewa kodi. Mama akaja barazani kwangu, safari hii hakuuliza hali za nyumbani. "Mfute." Nikamwambia mama, kodi ina mkataba, ina mjumbe, ina vikao. Haina vitufe. Mtu hafungiwi nje ya kitanda chake kwa reli. Akanyamaza, akaomba tu aione ile karatasi, "nijisomee". Nikampa.

Karatasi inasema hivi: kumfuta mtu mmoja, bonyeza 2, kisha nafasi yake kwa tarakimu nne. Mstari wa chini yake unasema: kufuta wote, bonyeza 2, kisha 0000. Maandishi ni yale madogo niliyoyataja. Nafasi ya jirani ni 0006. Mama alikuwa ameacha miwani ndani.

Ilikuwa Ijumaa jioni, watu wanarudi. Wa kwanza kufika akabonyeza, pi-pi-pi. Wa pili, pi-pi-pi. Watoto wakapaza sauti kuhusu reli mpaka wakachoka. Kufika magharibi kiwanja kizima kilikuwa nje na mifuko ya mboga, na habari ya jirani wa sita ilikuwa imeshazagaa, basi kila mmoja akajua moyoni ni la kodi. Baba wa ghorofani akaanza kueleza, hajaulizwa na mtu, kwamba benki ilikuwa na foleni. Mama Pacha akasema yeye na mama walikubaliana mwisho wa mwezi, shahidi Mungu. Kaka wa bajaji akawasha bajaji akaondoka kimya. Hata mimi niliyelipa nilijikuta napapasa mfuko kutafuta risiti.

Mzee wa getini akatuacha tujieleze vya kutosha. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye geti kubwa, akapitisha mkono kwenye lile tundu la kufuli, akavuta komeo kwa ndani. Geti likafunguka. Nikamuuliza, Mzee, kumbe siku zote linafunguka hivyo? Akasema siku zote.

Kesho yake asubuhi niliwekewa kigoda getini, daftari jipya, na foleni. Mama alisimama pembeni amevaa miwani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa jirani wa mlango wa sita, amenyoa, amepiga pasi. Nikamwambia achague namba, boksi linakubali tarakimu nne mpaka sita. Akamwangalia mama, akanigeukia mimi, akasema niandike 450000.

"Ndiyo ninayodaiwa," akasema. "Hii siwezi kuisahau."